Vipokea Sauti vya Kukimbia Navyo: Mwongozo kwa Msikilizaji wa Historia ya Urusi na Mwanafunzi wa Kirusi

Mkimbiaji anayesikiliza podikasti hahitaji besi nzito ya muziki; anahitaji maneno yamfikie yakiwa safi huku akiendelea kuisikia pikipiki inayokuja nyuma yake. Kwa kuzingatia mahitaji hayo mawili, nimezipanga aina zifuatazo kuanzia ile ambayo ningeinunua kwanza.

Nafasi ya kwanza naipa vipokea sauti vinavyokaa mbele ya sikio na kupitisha sauti kwenye mfupa, kwa kuwa tundu la sikio hubaki wazi. OpenRun ya kampuni ya Shokz, kwa mfano, ina uzito wa gramu 26, hudumu hadi saa 8 ikishachajiwa, na kiwango chake cha IP67 humaanisha kwamba vumbi haliingii na jasho haliisumbui. Aina hii inafaa sana kwa masimulizi marefu ya historia. Msimu wa kumi wa podikasti ya Kiingereza ya Revolutions, unaosimuliwa na Mike Duncan, una vipindi zaidi ya 100 kuhusu mapinduzi ya Urusi, na hata kama lori litameza neno moja katikati ya habari za mwaka 1905, mtiririko wa kisa haupotei.

Masomo ya lugha ni jambo jingine. Kirusi hutenganisha konsonanti ngumu na laini (laini hutamkwa ulimi ukiinuliwa kuelekea kaakaa), kiasi kwamba „brat” yenye t ngumu ni ndugu wa kiume, na yenye t laini ni kuchukua, tofauti hiyo hukaa katika sauti nyembamba ambazo upepo na kelele za barabara huzifunika upesi. Kwa hiyo anayejifunza matamshi atafaidika zaidi na aina ya pili, yaani visivyo na waya vinavyoingia sikioni na kushikwa na ndoano nyuma ya sikio, mradi akimbilie uwanjani au kwenye njia isiyo na magari. Asikubali kiwango kilicho chini ya IPX4, yaani kile cha kustahimili maji yanayorushwa kutoka pande zote.  Kwa kuwa huzuia kelele za nje, halazimiki kupandisha sauti, na hilo ni muhimu: Shirika la Afya Duniani huwashauri watu wazima wasizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki.

Vya waya vinashika nafasi ya tatu. Ni rahisi kwa bei na havihitaji kuchajiwa, lakini waya ukisugua shati mkwaruzo hupanda hadi sikioni, na simu nyingi za sasa hazina tundu lake.

Vinavyofunika sikio zima viachwe nyumbani, kwani sifongo zake hulowa jasho.

Kabla ya kulipa, omba uvijaribu nje ya duka ukitembea kwa kasi na kutikisa kichwa, kwa kutumia kipindi cha Kirusi ulichokwisha kukipakua, wala si muziki atakaokuchagulia muuzaji.