Dawa nne za uvundo wa mataulo, na ipi ya kununua ukiwa Mbeya

Taulo lenye uvundo lina hila moja: likikauka halinuki. Linakunjwa, linawekwa kabatini, kila mtu anaamini limetakata, kumbe harufu inasubiri mtu atoke kuoga. Kabla ya kununua dawa yoyote, chovya pembe ya taulo kavu kwenye maji ya moto kwa dakika moja, kisha uinuse. Ikinuka kama tambara la kudekia, sabuni peke yake haitatosha.

Harufu hiyo ni kazi ya bakteria. Mwaka 2012 watafiti wa Japani walimtaja mmoja wao, Moraxella osloensis, ambaye huhimili ukavu na kutoa asidi yenye harufu ile ya nguo iliyokaa mbichi. Bakteria hawa hujificha chini ya utando wa jasho, mafuta ya ngozi na mabaki ya sabuni ulionasa kwenye vile vitanzi vya pamba. Kwa hiyo dawa inayofaa ni ile inayong'oa utando na kuua waliomo. Kwa kipimo hicho, dawa nne ambazo watu hushauriana hazilingani hata kidogo.

Siki nyeupe ndiyo inayosifiwa kupita uwezo wake. Inasaidia kuondoa mabaki ya sabuni, hasa ya sabuni ya mche, ambayo haisuuziki vizuri kwenye taulo nene, na inarudisha uwezo wa taulo kunyonya maji. Kipimo ni mililita 250 za siki ya asilimia 5 kwenye lita 5 za maji ya kusuuzia, dakika 30, kisha suuza tena. Kwa uvundo wa wiki moja inatosha. Kwa uvundo wa miezi harufu hupungua, halafu hurudi baada ya kuoga mara mbili tatu. Soma lebo: asidi kali ya kuchanganya na maji mwenyewe huunguza mikono, na siki ya kahawia huweza kuacha madoa.

Bekingi soda ni msaidizi tu. Nusu kikombe kwenye ndoo ya lita 10 huifanya sabuni ifanye kazi vizuri zaidi na kupunguza harufu, lakini haiui cha maana. Kosa linalorudiwa kila siku ni kuimimina pamoja na siki. Povu linapanda, linapendeza, na papo hapo vyote viwili vimebatilishana; kilichobaki ni maji yenye chumvichumvi. Tumia kimoja leo, kingine kwenye ufuaji mwingine. Na magadi ya kupikia maharage yaache jikoni, maana yana udongo unaofubaza taulo jeupe.

Jiki inaua kweli, ila ni ya mataulo meupe ya pamba tu. Mililita 100 za jiki ya asilimia 3.5 kwenye lita 10 za maji ya baridi, dakika 20 hadi 30, baada ya taulo kufuliwa kwa sabuni na kusuuzwa. Ukiitia kwenye taulo lenye jasho na mafuta, nguvu yake yote inaishia kwenye uchafu. Maji ya moto nayo huivunja mapema. Ukiitumia kila wiki, vitanzi vinakatika na taulo linaanza kumwaga nyuzi. Usiichanganye kamwe na siki: hutoka gesi ya klorini, na bafu lisilo na dirisha si mahali pa kukutana nayo.

Unga wa oksijeni, ule wa kuondoa madoa usio na klorini, ndio wa kununua. Angalia lebo kama imeandikwa sodiamu pakaboneti. Kadiri inavyotajwa mwanzoni, ndivyo ilivyo nyingi. Bei yake iko juu kuliko ya siki, lakini ndio pekee kati ya hizi nne unaong'oa utando, unaoua, na usiofubaza rangi nyingi. Jaribu kwanza kwenye pindo, hasa taulo jekundu au la bluu iliyoiva.

Siri yake ni joto. Kwenye maji ya bomba ya Mbeya unga huu hulala tu, haufanyi kazi. Unahitaji nyuzi joto 60 hivi. Kwa mwinuko wa mita 1,700, maji huchemka kwenye nyuzi kama 94, kwa hiyo lita 6 zilizochemka ukizichanganya na lita 4 za baridi unapata joto hilo bila kipimajoto. Tia vijiko 4 vya chakula, koroga mpaka chembe ziishe, zamisha mataulo mawili makubwa, si zaidi. Utaona vipovu vyembamba vikipanda kwenye vitanzi. Funika kwa sinia, usikaze kifuniko, maana gesi inatoka. Baada ya saa mbili maji huwa kama chai ya rangi, hata kwa taulo lililofuliwa jana. Fua kwa sabuni ya unga kidogo, suuza mara tatu. Maji ya mwisho yakiwa bado yanateleza mkononi, suuza tena.

Kuhusu softena yenye manukato: hapana. Huacha tabaka jingine la mafuta, taulo linakuwa laini lakini halinyonyi, na uvundo unarudi umevaa marashi.

Madoa meusi ya kawa, yaani kuvu wa nguo, ni habari nyingine. Kuvu wenyewe wanaweza kufa, lakini doa la kawa kwenye taulo la rangi mara nyingi halitoki kwa dawa yoyote kati ya hizi. Usipoteze unga.

Dawa zote hizi zinashindwa mahali pamoja, kwenye kamba. Iringa, penye upepo, taulo hukauka mchana mmoja. Mbeya kuanzia Desemba hadi Aprili, na Tukuyu karibu mwaka mzima, lile lililokunjwa mara mbili juu ya kamba moja hubaki bichi ndani hadi kesho yake. Litandaze juu ya kamba mbili zilizoachana kiganja kimoja, hewa ipite katikati. Mvua ikikaa, malizia kwa pasi ya moto. Moshi wa jiko la mkaa huongeza harufu nyingine. Kabla ya kukunja, bana pindo kati ya vidole. Hapo ndipo pana nyuzi nyingi zaidi, na hukauka mwisho. Likiwa na ubaridi wowote, lirudishe kambani.