Jukwaa la Kuunganisha Mifumo: Anza na Malipo Yanayoandikwa Mara Mbili

Wasomaji wenye maduka ya mtandaoni wamekuwa wakinilalamikia jambo lilelile: mteja amelipa mara moja kwa M-Pesa, ila mfumo wa uhasibu umeandika malipo mawili na stoo imetoa mzigo mara mbili. Mifumo mingi hutuma taarifa upya isipopata jibu kwa wakati, na jukwaa la kuunganisha, yaani programu inayopitisha taarifa kutoka mfumo mmoja hadi mwingine, lisipokumbuka limeshapokea nini huipitisha taarifa ya pili kama ngeni. Kwa hiyo nitayapima majukwaa kwa namna yanavyozuia marudio hayo; wingi wa programu ambazo jukwaa linaunganisha, ambao kila muuzaji hujitapa nao, sitaugusa.

Ninaiweka n8n, jukwaa la kampuni ya Berlin, mbele, na upendeleo wangu siufichi. Ina hatua maalumu ya kuondoa marudio, inayokumbuka hata yaliyopita katika mizunguko ya nyuma; mzunguko ni kazi nzima, tangu taarifa inapoingia hadi hatua ya mwisho. Ukiipa namba ya risiti ya muamala iwe kitambulisho, taarifa ya pili huishia hapo. Unaweza kuiweka kwenye seva yako bila ada ya leseni kwa shughuli za ndani za biashara, mradi uwe na fundi wa kuihudumia seva hiyo, na toleo lake la wingu, linaloendeshwa kwenye seva za n8n wenyewe, katika malipo huhesabu mzunguko mzima kuwa mmoja, hata ukiwa na hatua ishirini.

MuleSoft, iliyonunuliwa na Salesforce mwaka 2018, ina kizuizi cha marudio pamoja na foleni ya kuhifadhi ujumbe ulioshindikana. Benki inaifaa, duka la vipuri haliihitaji.

Zapier hutambua marudio inapokwenda yenyewe kuchungulia taarifa mpya, lakini si pale taarifa inaposukumwa kwake, na hatua za utendaji zinazofanikiwa kwa kawaida huhesabiwa moja moja katika malipo. Make ni nafuu, ila uhifadhi wa mizunguko iliyokwama sharti uuwashe mwenyewe.

Kinachoniudhi zaidi ni kurasa za bei za majukwaa makubwa, ambazo badala ya tarakimu hukutaka uwasiliane na idara ya mauzo, kama mchuuzi anayekutazama viatu kwanza ndipo ataje bei. Bei yenyewe ikija, huja kwa dola, kwa mfanyabiashara anayekusanya shilingi.

Kabla ya kusaini, mtake muuzaji atume taarifa moja ya malipo mara mbili mbele yako, kisha fungueni pamoja daftari la hesabu. Akisema jaribio hilo linahitaji kwanza mkataba wa mwaka mzima, mkatalie.