Mswaki na Majani ya Mstafeli Maabarani: Ripoti Niliyoilipia na Jinsi Nilivyoisoma

Ninatengeneza unga wa meno wa mzizi wa mswaki na kuuza majani ya mstafeli yaliyokaushwa, hapa Tanga. Wateja wangu wamekuwa wakiniuliza kwa muda mrefu kama bidhaa hizo zimepimwa, na mwaka huu niliamua kugharimia vipimo ili niwe na jibu. Tathmini hii inahusu huduma ya kupima dondoo za mimea, yaani viambato vilivyotolewa kwenye mmea kwa kimiminika kiitwacho kiyeyusho, dhidi ya bakteria na dhidi ya seli za saratani, niliyoipata katika maabara moja jijini Dar es Salaam. Sitaitaja kwa jina, kwa kuwa niliitumia mara moja tu na si haki kuihukumu hadharani kwa sampuli chache.

Siku ya kwanza nilirudishwa. Nilikuwa nimebeba unga na majani makavu katika mifuko, lakini mpokea sampuli alitaka tawi lenye majani na maua ili mtaalamu wa mimea aitambue spishi na kuhifadhi kielelezo chake. Nilikasirika, maana nauli ya Tanga haiokotwi barabarani, ila baadaye nilikiri kwamba alikuwa na haki. Sokoni kwetu neno mtopetope hubeba miti kadhaa ya jamii ya mstafeli, ukiwemo ule wa mwituni, na ripoti isiyo na jina la kitaalamu haimwambii msomaji ni mti upi uliopimwa. Kwa hatua hiyo maabara inastahili sifa kamili.

Gharama ilikuwa shilingi 150,000 kwa kila sampuli katika kipimo cha bakteria na shilingi 350,000 katika kipimo cha seli. Niliahidiwa majibu baada ya wiki tatu, nikayapata baada ya wiki saba, na simu zangu mbili hazikupokelewa.

Kipimo cha bakteria kilifanywa kwa njia mbili. Katika ya kwanza, kidonge cha karatasi kilicholoweshwa dondoo huwekwa juu ya agari, yaani chakula cha bakteria kilichogandishwa kama jeli, iliyopakwa bakteria, na baada ya usiku mmoja hupimwa upana wa duara ambalo bakteria hawakuota. Njia hii inapendeza macho, lakini inadanganya kwa urahisi. Kidonge chenyewe kina upana wa milimita 6, na upana huo umo ndani ya hesabu, kwa hiyo mtu anayesoma "milimita 8" akafurahi anafurahia milimita moja tu kila upande. Zaidi ya hayo, viambato vya mafuta havisambai vizuri ndani ya agari, hivyo dondoo yenye nguvu inaweza kuonekana dhaifu kwa sababu tu haikusafiri. Ripoti yangu ilitoa vipimo vya maduara bila kueleza ni miligramu ngapi za dondoo zilizowekwa kwenye kila kidonge, na pasipo takwimu hiyo jedwali zima halilinganishwi na kazi ya mtu mwingine yeyote. Niliandika barua pepe kuiomba, nikaipata siku iliyofuata. Ilikuwepo daftarini, hakuna aliyeona haja ya kuiandika.

Njia ya pili ndiyo iliyonipa thamani ya fedha zangu. Dondoo hupunguzwa nusu kwa nusu katika vishimo 96 vya sahani ya plastiki, bakteria huongezwa, kisha hutiwa rangi inayogeuka kuwa nyekundu pale penye bakteria hai. Kishimo cha mwisho kisichogeuka ndicho kinachoonyesha kiwango cha chini kabisa kinachozuia bakteria kukua. Kulikuwa na antibiotiki ya kulinganishia, jenitamisini, na pia vishimo vyenye kiyeyusho pekee, ili isije ikadhaniwa kwamba dondoo imefanya kazi iliyofanywa na kiyeyusho.

Hapa mswaki ulinifundisha jambo kuhusu biashara yangu mwenyewe. Nilipeleka mzizi mbichi na pia unga uliokaa dukani miezi minane. Mzizi mbichi uliwazuia bakteria wa aina zote mbili, Staphylococcus aureus na Escherichia coli, ilhali unga uliwapunguza kidogo wa kwanza na kuwaacha wa pili wakistawi. Mtaalamu alinieleza kwamba ukali unaowasha ulimi mtu anapotafuna mswaki mpya unatokana na kiambato kiitwacho benzili aisothiosayaneti, ambacho huruka hewani kwa urahisi. Mimi nilikuwa nikianika mizizi juani siku tatu, kisha nasaga na kuuacha unga katika beseni lililo wazi. Kwa maneno mengine, nilikuwa nikiwauzia watu nyuzi za mti na harufu.

Kipimo cha seli ndicho kilichonipeleka Dar es Salaam hasa, kwa sababu majani ya mstafeli yanasambazwa katika makundi ya simu kama dawa ya saratani, na ninakiri kwamba sifa hizo ziliniletea wateja. Maabara hutumia rangi ya njano ambayo seli hai huigeuza kuwa zambarau. Kadiri zambarau inavyopungua ndivyo seli zinavyohesabiwa kuwa zimekufa. Kwa kuwa baadhi ya dondoo zina uwezo wa kuigeuza rangi hiyo zenyewe pasipo seli yoyote, walipima pia dondoo peke yake, uangalifu ambao sikuutarajia na ambao ninaupongeza.

Hitimisho la ripoti lilisema, kwa herufi nzito, kwamba dondoo "inaua seli za saratani". Ni kweli iliziua seli za HeLa, ambazo ni seli za saratani ya shingo ya kizazi zinazokuzwa maabarani, tena kwa kiwango kidogo kuliko mikrogramu 20 kwa mililita, ambacho watafiti wengi hukihesabu kuwa cha kutia moyo kwa dondoo ghafi. Kilichokosekana ni seli za kawaida za kulinganishia. Nilipouliza, niliambiwa kwamba hizo hulipiwa peke yake. Nililipa, wakatumia seli za Vero, zinazotokana na figo za tumbili, na matokeo yalikuwa karibu sawa: dondoo iliziua zote bila kubagua. Dawa ya jiki nayo ingefaulu mtihani wa namna hiyo. Viambato vya mstafeli viitwavyo asetojenini huzima mitambo ya nishati ndani ya seli, na seli za neva zinaihitaji nishati hiyo kuliko nyingi. Mwaka 1999, watafiti huko Guadeloupe walihusisha ulaji wa matunda na chai ya jamii hii na ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa usio wa kawaida. Hakuna hata sentensi moja juu ya hayo katika ripoti niliyoilipia.

Si lazima twende mbali hivyo kupata mfano. Hapa jirani, katika msitu wa Shimba Hills huko Kwale, Kenya, miaka ya 1970 zilivunwa tani kadhaa za mti uitwao Maytenus buchananii kwa ajili ya Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, kwa sababu kiambato chake, maytansini, kiliua seli za saratani kwa kiasi kidogo mno. Kilipopewa wagonjwa, madhara yalizidi manufaa, kikawekwa kando. Kiliingia hospitalini mwaka 2013 kikiwa kimebadilishwa na kufungwa kwenye kingamwili, aina ya protini inayokipeleka kwenye uvimbe wa saratani ya matiti. Umbali kati ya sahani ya maabara na kitanda cha mgonjwa ulikuwa miaka arobaini hivi.

Kwa hiyo kipimo cha bakteria ninakipendekeza, mradi mteja adai kiasi cha dondoo kiandikwe. Kipimo cha seli sitakilipia tena hadi seli za kawaida ziingizwe katika bei moja, kwani kukiuza bila hizo ni kumkabidhi muuza mitishamba tangazo la kubandika ukutani. Chupa ya majani ya mstafeli nimeiondoa rafuni. Mizizi ya mswaki sasa ninaianika kivulini na kuufunga unga katika mikebe midogo siku ileile ninayosaga, na mwezi ujao nitapeleka mikebe miwili kupimwa, safari hii nikiwa na tawi lenye maua mkononi.