Tahadhari Bukavu: motere ya gari iko kimya ikiwa baridi, ikipata moto inapiga tik tik

Wandugu, kama komisioneri (mwenye anakutafutia gari ya kununua) anakuitisha kuona gari ya okazyo (yenye imeshatumika) asubui mapema sana, ati njo saa anapata nafasi, ujue kuko kitu. Mi nimeliwa dola 4200 juu ya asubui ya vile.

Ilikuwa RAV4, volan ku kuume, inje inang'aa. Tulikutana Nguba saa kumi na mbili na nusu, motere baridi kabisa, akawasha ikalia polepole sana, tukazunguka dakika tano hivi, akaniambia "yaya, hii haijaguswa na fundi hata siku moja". Nikalipa. Mujinga mimi.

Siku ileile nikapanda nayo Kadutu, mizigo nyuma, barabara imejaa magari, na kufika juu nasikia tik tik tik, nikikanyaga inapiga haraka, nikiiacha ku ralanti (inawaka bila kukanyaga) inakuwa mbaya zaidi. Kesho yake asubui kimya. Nikasema labda ni masikio yangu. Saa sita ikarudi.

Nikamupigia komisioneri, akanituma kwa mekanisiye "wake", na huyo hata kapo (kifuniko ya motere) hakufungua vizuri, akasema ni supape (vile vilango vya kupitisha hewa na moshi juu ya motere), dola 350 pamoja na dawa ya kumwanga mu mafuta. Wale wawili wanakula sahani moja, niliwaona nyuma wanacheka pamoja.

Njo nikaenda kwa muzee moja wa zamani. Akashika turnevisi (bisibisi) ndefu, ncha ku motere, mpini ku sikio. Juu kwenye supape, hamna kitu ya ajabu. Chini, inagonga. Akaanza kuchomoa bobini (zile za kupeleka cheche ku kila silinda) moja moja motere ikiwaka, alipofika silinda ya tatu kelele ikapungua, akasema supape wanakudanganya, hii ni kusine ya biyele (kibati laini, pale mukono wa pistoni unashika ku mhimili wa motere). Tukamwanga mafuta: motere ilikuwa na moto lakini yalitoka nzito sawa asali, na ndani unga wa kung'aa rangi ya shaba. Akapitisha sumaku, haukushika. Ingekuwa chuma ungeshika, unga wa kusine haushiki.

Hapo njo nikaelewa mchezo. Mafuta yakiwa baridi yanakuwa nzito, yanajaza ile nafasi kusine imekulika, kelele inafichama. Yakipata moto yanakuwa mepesi, presha inashuka, chuma inagongana na chuma. Gari ilitaka mafuta mepesi, 5W-30, wao walitia mafuta nzito na dawa juu yake, ikae kimya mpaka uhesabu feza.

Na kitu iliniuma zaidi: ile taa nyekundu ya mafuta ku tablo mbele ya dereva, yenye picha ya kabirika na tone ya mafuta. Ukiweka kontakti (kuzungusha ufunguo) bila kuwasha motere, lazima iwake, motere ikiwaka inazima. Ya kwangu haikuwaka hata siku moja na mi sikuangalia! Walichomoa waya wake ku motere, presha ishuke namna gani, taa haitasema kitu.

Lakini musiogope kila tik. Enjekteri (za kurusha esanse ndani ya motere) zinapiga ka-tik kila saa, ni kawaida. Gesi ikitoka pale eshapma (bomba ya moshi) inashikana na motere, mara nyingi inapiga ikiwa baridi na inapungua ikipata moto, yaani kinyume ya yangu. Na mbele ya yote vuta ile chuma ya kupima mafuta, juu mafuta kupunguka tu kunatosha kuleta kelele.

Komisioneri simu yake haiiti tena. Nimesikia iko anaonyesha watu gari ingine, saa ileile ya asubui. Akikuita, mwambie utakuja saa sita, na gari utaipandisha weye mwenyewe nusu saa, kisha ufungue kapo ikiwa na moto. Uone kama atakubali.

Yangu iko chini kwa muzee, vilbreken (ule mhimili wa motere) imekwaruzwa. Mwenye anajua pahali pa kupata kusine za kweli, si kopi, aniandikie.