Maporomoko ya maji: Havasu ya Arizona, Marekani, au Sanje ya Udzungwa?

Swali hili haliishi kila tukipanga safari hapa Dar. Kwa gharama, Sanje inashinda bila ubishi: unapanda basi la Ifakara, unashuka Mang'ula, unalipa kiingilio na mwongozaji. Havasu inadai viza, ndege na kibali cha kabila la Havasupai, wenye ardhi hiyo. Lakini maji yake! Rangi ya feruzi katikati ya miamba myekundu, kwa sababu ya chokaa. Pale Mooney, maporomoko mengine ya jirani, unashuka umeshikilia minyororo iliyolowa. Kwa miguu ni kilomita 16 hadi kambini, kivuli haba. Sanje, yenye kimo cha mita 170, ni msitu na utelezi, vaa raba zenye meno, unarudi siku hiyohiyo. Mwenye watoto na wikendi moja, Sanje. Mwenye ndugu Marekani na magoti imara, Havasu.