Mama yake bibi nimempata mpakani: uzoefu wangu na hati za mashamba, Nyaraka za Taifa Zanzibar

Upande wa baba nasaba yetu inajulikana mbali sana. Upande wa mama ilikatikia kwa mama yake bibi: tuliambiwa tu kwamba alikuwa na mikarafuu njia ya Dole. Baba yake nani, hakuna aliyekumbuka. Nikenda Nyaraka, Kilimani, nikaomba rejista za mikataba ya mashamba, mafungu ya AA12 na AM. Anayetafuta ukoo wake Unguja au Pemba namshauri aanzie huko, hata kabla ya vyeti vya kuzaliwa.

Karne ya 19 wakopeshaji wengi wa Unguja walikuwa Wahindi waliohesabiwa raia wa Uingereza, kwa hiyo mikataba yao iliandikishwa kwa balozi wa Kiingereza. Mwenye shamba akihitaji fedha, ili kuikwepa riba aliliuza kwa khiyari: akirejesha fedha muda ukifika, shamba linarudi kwake, na mara nyingi alibaki humo humo akilipa kodi. Ndiyo maana shamba moja linaweza kutokea rejistani tena na tena, na kila mara mwenyewe anatajwa kwa jina lake, la baba yake na pengine la kabila. Usitafute mauzo ya moja kwa moja peke yake.

Utajiri wenyewe, kwangu mimi, umo kwenye mipaka. Hati nilizosoma hazikupima shamba kwa eka. Zimehesabu mikarafuu na minazi, kisha zimetaja kilichopo kila upande: mashariki shamba la fulani bin fulani, kusini njia. Mama yake bibi hakuuza wala hakununua popote nilipopekua. Nimemkuta kama jirani, mpaka wa kaskazini wa shamba la mtu mwingine, jina lake na la baba yake yameandikwa wazi. Nililisoma jina lile mpaka macho yakaniloa.

Wengine mtakuta mtu hakuandikiwa baba, ameandikwa huru wa fulani. Huyo aliachwa huru, na karatasi imemfunga kwa bwana wake wa zamani. Tafadhali msilifiche hilo kwa watoto wenu. Fuateni hati za huyo bwana, maana huko ndiko anakoweza kutokea tena, akipewa kiwanja au akitajwa kwenye wakfu.

Hati nyingi ni za Kiarabu cha mkono na tarehe zake ni za Hijria (mwaka 1300 ulianza Novemba 1882), kwa hiyo nendeni na mtu aliyezoea khati za zamani. Mimi nilifuatana na mjomba. Na baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilitaifishwa, ikagaiwa eka tatu tatu, basi mnyororo huu wa hati haufiki zama zetu. Pengo hilo sisi tumeliziba kwa kuwauliza wazee wa Dole.

Sasa tunamtafuta huyo baba wa mama yake bibi, na tumeanza na majirani wa upande wa mashariki.