Datsun 240Z kwenye barabara za Uganda: ununue nini kwanza ili litulie kwenye kona

Wenye 240Z wengi hukimbilia springi fupi ili gari likae chini lipendeze. Mimi springi fupi naziweka karibu na mwisho. Gari hili lilijipatia jina kwenye Safari Rally likiwa limesimama juu: lilishinda mwaka 1971, likashinda tena 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Barabara zetu bado zinataka springi yenye nafasi ya kubonyea na shokapu inayoizuia isidunde.

1. Bushi, yaani mipira inayokaa kwenye viungio vya chini ya gari. Hizi kabla ya kitu kingine chochote. Mpira wa miaka hamsini umekauka na kupasuka. Ukikanyaga breki gari linavuta upande, nawe unalaumu shokapu bure. Weka mpira mpya karibu kila mahali, na poliyurethani, plastiki iliyo ngumu kuliko mpira, kwenye raki ya usukani. Lakini angalia sana zile fimbo mbili za mbele zinazozuia mkono wa chini, chuma kinachoshika gurudumu, usiende mbele wala nyuma. Zikibanwa na poliyurethani pande zote mbili, haziwezi kuyumba mkono unapopanda na kushuka, na chuma kinachoka mpaka kinakatika. Nimeshika moja iliyokatika kwenye tuta, Barabara ya Masaka. Nusu ya mkatiko ilikuwa na kutu, nusu inang'aa. Ufa ulikuwepo siku nyingi na hakuna aliyeuona. Kwa hiyo poliyurethani ikae mbele ya kifungio kinachoshika fimbo kwenye bodi, nyuma yake uweke mpira.

Kwa bushi za mikono ya nyuma, nunua na pini zake ndefu. Za zamani huganda kwa kutu, na makanika anaweza kumaliza siku nzima kwenye pini moja. Patana naye bei ya kazi hiyo kabla hajashika nyundo.

2. Shokapu. Ya kampuni ya KYB inamtosha anayeendesha barabarani tu. Ya kampuni ya Koni ni ghali zaidi, lakini unaweza kurekebisha ugumu wake, na mwenye kupenda kona atafurahia. Pale Kisekka, soko la vipuri la Kampala, usichukue iliyotumika hata kama imepakwa rangi mpya. Vuta fimbo yake polepole: ikifika mahali ikawa nyepesi ghafla, iache hapo hapo.

3. Stabilaiza nene ya mbele, ile fimbo inayounganisha upande wa kushoto na wa kulia. Inapunguza gari kulala kwenye kona bila kuharibu starehe. Ya nyuma usiiguse kwanza, maana mvua ikinyesha mkia utateleza upesi.

4. Springi. Ngumu kidogo, zisizoshusha gari zaidi ya sentimita mbili au tatu. Ukilishusha sana, mikono ya chini ya mbele inaelekea juu kwenda kwenye gurudumu, na gari linalala zaidi kuliko lilivyokuwa. Mtu akikuambia atazikata kwa grainda, ondoka na gari lako.

5. Koilova, yaani shokapu zilizovikwa springi ambazo kimo chake hurekebishwa. Ni za uwanja laini wa mashindano. Kwa murram ya kwetu ni pesa iliyopotea.

Kazi ikiisha, kabla ya kulipa, muulize makanika nati za bushi za mpira alizikaza wapi. Jibu sahihi ni: gari likiwa limekanyaga chini kwa magurudumu yake. Zikikazwa likining'inia kwenye jeki, mpira unabaki umejisokota muda wote na unapasuka mapema.